Una MGB ya Zamani? Soma Hapa Kabla Hujanunua Betri Mpya

Gari la michezo la Kiingereza la mwaka 1965. Rangi inang'aa, injini safi kabisa. Unageuza ufunguo, stata inalia "tik" mara moja, basi. Unafungua boneti uangalie betri, na kumbe hakuna betri humo!

Kama umeshawahi kuwa na MGB, au umerithi moja kutoka kwa mzee, unajua tunachozungumzia. Betri za gari hili zimefichwa, ziko mbili, na si za volti 12. Ukienda dukani ukasema "naomba betri ya MGB", muuzaji atakukodolea macho, au atakupa chochote alicho nacho rafuni.

Jibu fupi ni hili: usitafute betri kwa jina la gari. Itafute kwa vitu vinne: volti, vipimo vya umbo, aina na mpangilio wa terminali, na nguvu ya kuzungusha stata. Na ndiyo, betri moja ya kawaida ya volti 12 inaweza kufanya kazi ya zile mbili za volti 6. Kiwanda chenyewe kilikuja kufanya hivyo hivyo.

Sasa twende taratibu, maana ukikosea hapa unaweza kuchoma nyaya za gari zima.

Betri ziko wapi, na kwa nini ni mbili?

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Zilitoka zaidi ya 500,000, na nyingi zilipelekwa Marekani. Ndiyo maana hadi leo vipuri vyake vinapatikana kuliko vya magari mengi ya rika lake.

Gari hili ni fupi na liko chini sana. Betri zake zimewekwa nyuma ya viti, chini ya kapeti na kifuniko, kwenye vishimo viwili vya chuma. Katikati inapita propela, kwa hiyo kila upande una kishimo kimoja kidogo. Kila kishimo kinabeba betri moja ya volti 6. MGA iliyotangulia, na MGC ya mwaka 1967 hadi 1969, nazo zilikuwa na mpango huo huo.

Betri hizo mbili zimeungwa kwa kufuatana, kama mawe ya tochi: chanya ya moja inashika hasi ya nyingine. Volti zinajumlishwa, 6 na 6 zinakuwa 12. Kwa hiyo gari lenyewe ni la volti 12 tangu siku ya kwanza. Taa, stata, wipa, vyote ni vya volti 12. Hili likumbuke, ndilo litakalokuokoa huko mbele.

Kuanzia modeli za mwaka 1975, zile zenye bampa kubwa nyeusi za mpira, kiwanda kiliacha mpango wa betri mbili kikaweka moja ya volti 12. Kama gari lako ni la kundi hilo, kazi yako ni nyepesi: pima kishimo, nunua betri inayoenea. Kama ni la nyuma ya hapo, endelea kusoma.

Kwa nini betri za volti 6 zinasumbua?

Sababu ya kwanza ni soko. Magari yanayotumia betri kubwa za volti 6 ni machache, kwa hiyo betri hizi zinakaa dukani muda mrefu. Betri ya risasi na asidi ikikaa bila kuchajiwa inapungua yenyewe, na ikibaki tupu kwa miezi sahani zake zinaganda salfeti. Unanunua betri "mpya" ambayo imeshazeeka kwenye rafu.

Sababu ya pili, hizi betri ni kama mapacha. Umeme unaopita kwenye moja ndio huo huo unaopita kwenye nyingine. Moja ikichoka inaivuta ya pili chini. Ukibadilisha moja tu ukaacha ya zamani, ile mpya haitadumu. Ni mbili kwa pamoja, aina moja, umri mmoja. Kwa hiyo gharama ni mara mbili.

Sababu ya tatu ni viungio. Betri moja ina terminali mbili. Betri mbili zina nne, pamoja na waya wa kuziunganisha. Kila kiungio kikishika kutu kinakula volti. Chukua mfano: stata inavuta ampea 150 na kutu imeongeza ukinzani wa omu 0.01 tu. Hapo umepoteza volti 1.5 kabla umeme haujafika kwenye stata. Betri inalaumiwa bure.

Sababu ya nne: macho hayaoni, moyo unasahau. Kuangalia maji ya betri inabidi usogeze viti, utoe kapeti, ufungue kifuniko. Nani anafanya hivyo kila mwezi? Matokeo yake maji yanakauka na betri inakufa kabla ya siku zake.

Kwanza hakikisha betri ndiyo mbovu

Usitoe hela kabla ya kupima. Unahitaji multimita ya kawaida tu.

1. Chaji betri zijae, kisha ziache zipumzike saa kadhaa. Kila betri ya volti 6 iliyojaa inasoma takribani 6.3. Zote mbili kwa pamoja takribani 12.6. Ikisoma 6.0 au chini baada ya kuchajiwa, hiyo ina tatizo.

2. Mwambie mtu apige stata huku wewe unapima betri moja moja. Betri yenye afya inashuka kidogo tu. Ile inayoanguka chini ya volti 4.8 ndiyo mgonjwa wako.

3. Weka waya mmoja wa mita katikati ya nguzo ya betri na mwingine kwenye kishikizo cha waya kilichoibana, kisha piga stata tena. Mita isome karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, shida ni kutu, si betri. Kwangua, safisha kwa maji ya magadi soda, kaza, jaribu tena.

4. Gari likishawaka, pandisha mzunguko wa injini kidogo upime betri zote mbili kwa pamoja. Kwa gari lenye altaneta, ukiona takribani 14 mfumo wa kuchaji uko sawa. Ukiona 12.5 na inazidi kushuka, hata ukinunua betri mpya leo, wiki ijayo itakuwa tupu.

Kidokezo kimoja cha sikio: MGB ina pampu ya mafuta ya umeme huko nyuma. Ukifungua ufunguo unaisikia "tik-tik-tik" ikijaza mafuta. Kama pampu inalia vizuri lakini stata haisogei, kuna umeme kidogo unaopita, ila hautoshi kwa kazi nzito. Hapo kagua viungio kabla ya kuagiza betri.

Njia ya kwanza: kubaki na mbili za volti 6

Njia hii inamfaa mtu anayetaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, hasa kama unalipeleka kwenye mashindano ya magari ya zamani. Pale Nairobi kuna Africa Concours d'Elegance, ambapo majaji wanakagua gari hadi chini ya uvungu. Uingereza na Marekani mashindano ya namna hiyo ni mengi.

Betri hizi bado zinatengenezwa na kuuzwa na maduka ya vipuri vya magari ya kale. Nyingine zimeundwa zifanane kabisa na zile nyeusi za enzi hizo. Ukinunua, angalia mambo haya:

• Tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa imekaa dukani zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa, omba nyingine.

• Pima volti hapo hapo dukani, kabla ya kulipa.

• Chukua mbili zenye tarehe inayolingana.

Kuagiza kutoka nje kuna kigingi kimoja. Betri iliyojazwa asidi inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari (namba yake ya kimataifa ni UN 2794), na wasafirishaji wengi hawaitaki au wanatoza zaidi. Njia ya kupita hapo ni kuagiza betri kavu, yaani iliyochajiwa kiwandani lakini haina asidi. Asidi unaijaza huku kwako kwa fundi wa betri. Au agiza ile ya AGM iliyofungwa isiyomwaga asidi, ambayo ina namba tofauti (UN 2800) na masharti nafuu zaidi. Optima ni moja ya kampuni zilizowahi kutoa betri ya volti 6 ya aina hiyo.

Onyo: usidanganywe na betri ya volti 6 ya taa ya dharura au ya gari la kuchezea la watoto. Volti ni sawa, lakini haina nguvu hata ya kutikisa stata. Na zile kubwa za volti 6 za sola au za vigari vya gofu ni ndefu mno kwenda juu. Hazitaingia kwenye kishimo, na zimeundwa kutoa umeme polepole kwa muda mrefu, si kwa mshtuko wa stata.

Njia ya pili: betri moja ya volti 12

Hii ndiyo njia ya wenye MGB wengi wanaoendesha gari lao kila wiki. Unatoa zile mbili, unaweka moja ya volti 12 kwenye kishimo kimoja, na kile kingine kinabaki wazi. Wengine wanakitumia kuwekea spana na jeki.

Je, nguvu itatosha? Ndiyo. Betri mbili zikiungwa kwa kufuatana, volti ndizo zinazoongezeka, uwezo wa ampea-saa hauongezeki. Kwa hiyo hupotezi nusu ya nguvu kama wengi wanavyodhani. Injini ya MGB ni ya sisi 1,798. Betri nzuri ya gari dogo la petroli la ukubwa huo inaizungusha bila shida.

Mtihani ni umbo. Kishimo ni kidogo, kwa hiyo pima urefu, upana na kina kwa tepu, tena kwa milimita. Pima kutoka ndani, na ukumbuke kuacha nafasi ya kifuniko juu. Kisha linganisha na saizi hizi:

• Marekani wengi wanatumia saizi inayoitwa 26 au 26R: takribani milimita 208 kwa 173, na kimo cha 197.

• Ulaya kuna saizi fupi ya milimita 207 kwa 175, kimo 175. Hapa Afrika Mashariki utaisikia kama DIN 44 au DIN 45, ila kuna za kimo cha 175 na za kimo cha 190, kwa hiyo pima.

• Saizi ya Kijapani NS40 ni nyembamba, karibu milimita 187 kwa 127, lakini terminali zake zinachomoza juu hadi kimo cha takribani 227.

N70 iliyojaa kila duka la Nairobi na Dar? Isahau. Ina urefu wa karibu sentimita 30, haiingii.

Kishimo kimoja kimoja kinaweza kutofautiana, hasa kama gari limeshafanyiwa panelibiti. Kuna wanaolazimika kukunja kidogo ukingo wa chuma ili betri ishuke. Ndiyo maana vipimo vyako vinatangulia maneno ya muuzaji.

Kwenye nyaya, chagua kishimo ambacho waya mnene wa stata unafika bila kuungwa. Ule waya uliokuwa ukiunganisha betri mbili utoe kabisa, usiuache unaning'inia. Kisha weka waya mfupi mnene kutoka betri hadi kwenye bodi, pale palipokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane.

Usichanganye chanya na hasi

Hapa ndipo hata mafundi wazuri wanapoteleza. Kwenye magari ya leo hasi ndiyo inayoungwa kwenye bodi. Lakini MGB za mwaka 1962 hadi 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Mambo yaligeuka mwishoni mwa 1967, toleo la pili lilipokuja na altaneta badala ya dinamo.

Tena kuna magari yaliyogeuzwa na wamiliki miaka mingi baadaye. Kwa hiyo usiamini mwaka peke yake. Angalia waya uliofungwa kwenye bodi unatoka kwenye terminali gani, na upige picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Ukigeuza kwa bahati mbaya kwenye gari lenye altaneta, dayodi zake zinaungua papo hapo, na redio nayo inakwenda.

Kubadili betri si lazima kubadili mfumo. Gari la chanya-kwenye-bodi linaweza kutumia betri moja ya volti 12 bila tatizo lolote. Unaiunga tu kwa mpangilio ule ule wa zamani.

Na ile kanuni ya "toa hasi kwanza"? Kwenye magari haya isome hivi: toa kwanza waya uliofungwa kwenye bodi, uwe chanya au hasi, na uurudishe wa mwisho. Ukifanya hivyo, hata spana ikigusa bodi haitapiga shoti.

Tukiwa bado kwenye terminali: nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi, na betri nyingi za NS40 zina nguzo nyembamba zaidi ya zile za Ulaya. Vishikizo vya MGB ni vya nguzo nene, vitacheza. Tafuta betri yenye nguzo nene; kwenye lebo za Kijapani mara nyingi inatambulika kwa herufi S. Vishikizo vya asili vya gari hili ni kama kofia yenye skrubu juu. Usivigonge kwa nyundo, utavunja nguzo kutoka ndani ya betri.

Makosa manne yanayochoma gari

Kosa la kwanza: kuweka betri mbili za volti 12 mahali pa zile mbili za volti 6 na kuacha waya wa kuunganisha. 12 na 12 ni 24! Balbu, redio na altaneta vyote vinakwenda kwa sekunde.

Kosa la pili: betri ndefu chini ya kifuniko cha chuma. Mtu anaweka mzigo au anaegemea hapo nyuma, kifuniko kinabonyea, kinagusa terminali. Shoti! Na pampu ya mafuta haiko mbali. Weka kofia za mpira kwenye terminali na uhakikishe kuna nafasi ya kutosha juu.

Kosa la tatu: kuweka betri mpya kwenye kishimo kilichooza. Asidi iliyomwagika miaka nenda rudi inakula chuma. Toa betri, bonyeza chini ya kishimo kwa bisibisi. Ikizama, peleka kwa fundi wa kuchomelea kwanza, na pampu na mirija ya mafuta ikingwe kabla hajaanza. La sivyo betri itaangukia barabarani au kwenye propela inayozunguka. Na hakikisha betri imefungwa, isicheze.

Kosa la nne: kubusti ovyo. Kama gari lako ni la chanya-kwenye-bodi na la jirani ni la kisasa, bodi za magari mawili zisigusane hata kwa bampa. Na waya unganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwenye betri zenyewe. Usibusti kutoka lori la volti 24.

Kitu kimoja cha bei nafuu kinachosaidia: swichi ya kukata umeme kwenye waya wa bodi. Gari la zamani linakaa siku nyingi bila kuwashwa. Ukikata umeme, betri inadumu na moto wa usiku unauepuka.

Betri ya zamani usiitupe

Ndani yake kuna risasi na asidi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua uchungu wake: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza sumu ya risasi kwenye mtaa wao, watoto wakaugua, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia. Kwa hiyo usimpe mtu wa kupasua betri uani. Irudishe kwa muuzaji anayepokea betri chakavu kwa niaba ya kiwanda. Maduka mengi yanakupunguzia bei ukirudisha ya zamani.

Piga picha hii orodha uende nayo dukani

• Gari: MGB, petroli, sisi 1,798, mfumo wa volti 12

• Vipimo vya kishimo: urefu, upana, kina (andika vyako)

• Bodi imeungwa na: chanya au hasi?

• Terminali: nguzo nene, na chanya iwe upande gani

• Kama ni volti 6: mbili, tarehe moja

• Kama ni volti 12: MOJA tu

• Tarehe ya kutengenezwa na volti kabla ya kulipa

Ukiwa na majibu haya mkononi, huhitaji muuzaji anayeijua MGB. Unahitaji muuzaji mwenye tepu. Na kama una mjomba au rafiki ambaye gari lake la Kiingereza limelala gereji mwaka mzima eti "betri zake hazipatikani", mtumie makala haya kabla hajaliuza kwa bei ya kutupa.